Maghala ya Ukanda wa Dhahabu: Aina ya Foklifti Yaamua Usalama na Zabuni

Kwa zaidi ya miaka 20 uchumi wa Shinyanga na Geita umezungumzwa kwa lugha ya shimo: kina cha mgodi, wakia za dhahabu, mrabaha. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Kazi inayoliwezesha shimo hilo kuendelea hufanyika mahali pengine, ndani ya maghala ya Kahama, Isaka, Kakola na Geita mjini, ambako chokaa, mipira ya chuma, matairi, vilainishi na kemikali hupokewa, hupangwa na kutolewa kila siku. Chombo kinachobeba karibu kila kitu humo ni foklifti.

Mambo matatu yameipa kazi hiyo uzito mpya. Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania katika Sekta ya Madini za mwaka 2018, zinazosimamiwa na Tume ya Madini, zinautaka mgodi uzipe kipaumbele kampuni za Kitanzania katika ununuzi wa bidhaa na huduma. Mgodi wa Buzwagi, uliomaliza uzalishaji mwaka 2021, umegeuzwa kuwa Eneo Maalum la Kiuchumi, na ardhi iliyokuwa ya malori ya mawe sasa inatafuta viwanda na maghala. Aidha, ujenzi wa reli ya kisasa kipande cha Mwanza hadi Isaka chenye urefu wa kilomita 341, ambacho Rais Samia Suluhu Hassan alikiwekea jiwe la msingi Juni 2021, unaiandaa Isaka, yenye bandari kavu inayohudumia pia mizigo ya Rwanda na Burundi, kupokea shehena kubwa kuliko ilivyozoea. Kwa hiyo mzigo ambao zamani ulisimamiwa na mgodi wenyewe au na kampuni kubwa ya nje unaelekea kwenye mikono ya mzabuni mzawa mwenye ghala la kukodi, vijana kadhaa na, mara nyingi, foklifti moja.

Hapo ndipo hoja inapoanzia. Foklifti hiyo moja kwa kawaida ni ya mtumba, inatumia dizeli, ina uwezo wa tani 2.5 au 3, na hutakiwa kufanya kila kazi: kushusha mapipa kwenye lori, kupanga mifuko kwenye rafu, kuburuta matairi uani na kuingia ndani ya kontena. Mnunuzi wake huamini kuwa foklifti ni foklifti, kama watu wanavyoamini kuwa toroli ni toroli. Imani hiyo ina gharama, na sehemu ya gharama hulipwa kwa miili ya watu.

Aina hiyo iliyozoeleka ni ile yenye uzito wa mizani nyuma. Meno yake mawili hubeba mzigo mbele ya magurudumu ya mbele, na bonge la chuma lililofungwa nyuma huuzuia mtambo usipinduke kifudifudi. Ni kanuni ya wenzo, sawa na mchezo wa watoto wa kupanda na kushuka juu ya ubao. Ndiyo maana foklifti ya kubeba tani 2.5 huwa na uzito wake wenyewe unaokaribia tani 4, na sakafu ya ghala hulazimika kubeba jumla ya vyote viwili.

Tani 2.5 zinazoandikwa kwenye kibao cha mtambo zina sharti. Huwa ni tani 2.5 pale ambapo kitovu cha mzigo kiko milimita 500 kutoka kwenye uso wa meno, yaani mzigo wenye kina cha mita moja uliosogezwa mpaka ukagusa. Chukua kreti ya fito za kuchorongea yenye kina cha mita 2.4, ikanyanyuliwa kutoka upande wake mfupi. Kitovu chake kiko milimita 1,200 mbele. Ikiwa umbali kutoka mhimili wa mbele hadi uso wa meno ni milimita 450, hesabu ya wenzo inaonesha kuwa uwezo wa mtambo uleule umeshuka hadi takribani tani 1.4. Hakuna taa inayowaka kumwambia dereva hivyo. Mlingoti ukipandishwa juu, ukainamishwa mbele au mtambo ukapita kwenye shimo dogo la sakafu, uwezo hupungua zaidi. Mtu anayesema "imebeba juzi, itabeba na leo" anazungumzia mzigo mwingine kabisa.

Tofauti nyingine ambayo dereva wa lori huichukulia kwa wepesi ni usukani. Foklifti hugeuzwa kwa magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo mkia wake hufagia upande wa nje kila inapokata kona, na aliyesimama karibu hupigwa na sehemu ambayo dereva haitazami. Nchini Marekani, ambako vifo vya aina hii vimefuatiliwa kwa miongo mingi, kupinduka kwa mtambo kumekuwa chanzo kinachoongoza cha vifo vinavyohusisha foklifti. Mara nyingi anayefariki ni dereva aliyeruka kutoka kitini, akaangukiwa na paa la chuma lililowekwa kumlinda. Mwenye mkanda, aliyeshikilia usukani na kuegemea upande wa pili wa mwanguko, ana nafasi kubwa zaidi ya kutoka hai. Leseni ya kuendesha lori barabarani haifundishi lolote kati ya hayo.

Ndani ya ghala lenye rafu ndefu, foklifti ya uzito wa mizani hupoteza faida yake kwanza kwenye nafasi. Ya tani 2.5 huhitaji ujia wa kati ya mita 3.5 na 4 ili igeuke na kuweka mzigo. Ipo aina nyingine, ya umeme, ambayo dereva wake hukaa au kusimama ubavu na mlingoti wake husogea mbele kuchukua mzigo kisha hurudi ndani ya miguu ya mtambo. Hiyo huridhika na ujia wa takribani mita 3 au pungufu, na hufika kwenye rafu za mita 10 na zaidi. Kwa ghala la vipuri vya mgodi, lenye maelfu ya vitu vidogo vinavyohitaji kupatikana haraka, tofauti hiyo ya ujia ni safu nzima za rafu zinazoongezeka chini ya paa lilelile. Hata hivyo magurudumu yake ni madogo na magumu. Iipeleke kwenye uwanja wa changarawe wa Kahama mwezi Machi, mvua ikiwa imenyesha usiku, na itakwama kabla ya kufika kwenye lori.

Katika uwanja huo kuna kazi ya aina tofauti. Foklifti ya ardhi korofi, yenye matairi makubwa ya upepo na tumbo lililoinuliwa, au mtambo wenye mkono unaorefuka kutoka ubavuni mwa dereva, ndiyo inayofaa kwenye uwanja usiosakafiwa na kwenye maeneo ya ujenzi. Mkono huo unaorefuka umependwa migodini kwa kuwa hubadilishwa kichwa: leo meno, kesho ndoano, keshokutwa jukwaa la mafundi. Lakini kila mita ambayo mkono unatoka nje hupunguza kilo zinazoruhusiwa, na jedwali lake la uwezo ni gumu kusoma kuliko la foklifti ya kawaida. Kwa mizigo mirefu kama mabomba na vyuma ipo foklifti inayobeba ubavuni, ambayo hupita kwenye ujia mwembamba mzigo ukiwa umelala sambamba na safari. Na kwa kazi ndogo ya kuhamisha paleti kutoka mlangoni hadi kwenye mizani, jeki ya paleti ya kusukumwa kwa mkono hutosha. Inashangaza namna maghala mengi yanavyowasha injini ya dizeli kwa safari ya mita 15.

Kontena ni habari nyingine. Wasomaji watakumbuka makontena 277 ya makinikia yaliyozuiwa Bandari ya Dar es Salaam mwaka 2017, yenye mchanga wa madini kutoka Bulyanhulu na Buzwagi. Kila moja lilikadiriwa kubeba takribani tani 20. Mzigo kama huo hushikwa kutoka juu kwa richi staka, mtambo wenye mkono mnene unaoweza kulipandisha kontena juu ya mengine na kulifikia la safu ya pili. Huo ni mtambo wa bandari kavu, si wa ghala. Ghala huingia kazini baada ya milango ya kontena kufunguliwa, na foklifti inayoingia ndani ya kontena lazima iwe fupi kwa mlingoti, ipitie kwenye daraja la chuma lililofungwa imara, na lori liwe limewekewa vizuizi vya magurudumu. Lori linaposogea nusu mita foklifti ikiwa mlangoni, hakuna ustadi wa dereva unaosaidia.

Mzigo wa mgodi wenyewe una tabia zake. Mipira ya chuma ya kusagia mawe huja kwenye mapipa au mifuko mikubwa. Pipa moja lisilozidi kiuno cha mtu laweza kukaribia tani moja, na macho humdanganya mpangaji. Chokaa huja kwenye mifuko ya tani moja yenye vitanzi vinne, ambayo ikinyanyuliwa kwa meno yenye kingo kali hukatika. Tairi la lori la kubebea mawe hufikia kimo cha mita 3 na uzito wa tani 2. Huhitaji kishikio maalum, kwa kuwa likibebwa juu ya meno mawili hubingirika.

Sayanidi ndiyo inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Sayanidi ya sodiamu hutumika kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe yaliyosagwa, na kwa migodi mikubwa hufika aidha kwenye matangi maalum au kwenye masanduku ya mbao yenye mfuko wa tani moja ndani. Ikiwa kavu na imefungwa, inahifadhika. Ikikutana na maji au, vibaya zaidi, tindikali, hutoa gesi ya haidrojeni sayanidi, ambayo huua kwa kiasi kidogo. Sasa fikiria ghala lenye sanduku hilo, sakafu yenye unyevu wa mvua iliyopita chini ya mlango, na dereva anayeingiza meno yaliyo marefu kuliko kina cha sanduku. Ncha hutokeza upande wa pili na kutoboa sanduku la nyuma ambalo haoni. Ajali ya kemikali imetokea, na chanzo chake ni sentimita 20 za chuma.

Kwa sababu hiyo Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Sayanidi, ambayo Mgodi wa Geita ni miongoni mwa migodi ya Tanzania iliyoikubali, huufuatilia mnyororo wote, kuanzia mtengenezaji na msafirishaji hadi ghala na mgodi. Hapa nchini Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani Na. 3 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inamtaka anayeingiza, anayesafirisha au anayehifadhi kemikali kusajiliwa. Mzabuni anayetaka biashara hiyo huulizwa kuhusu uzio, uingizaji hewa, utenganisho wa tindikali na vifaa vya dharura. Urefu wa meno ya foklifti hauonekani kwenye fomu nyingi, ingawa ni swali la bei ndogo kuliko yote.

Upande wa wachimbaji na wachenjuaji wadogo, hali ni nyingine kabisa. Kwenye mitambo ya kuchenjulia marudio katika mkoa wa Geita na wilaya ya Kahama, sayanidi hununuliwa kwa mapipa ya kilo 50 na kubebwa kwa mikono. Huko kupendekeza foklifti kungekuwa mzaha. Toroli la mapipa lenye mkanda, paleti ya kuinua pipa kutoka sakafuni, na mlango unaofungwa vingetosha kubadili mengi kwa fedha kidogo.

Si dhahabu pekee. Shinyanga ni nchi ya pamba, na msimu wa kuchambua unapofika, vinu hujaa marobota ya takribani kilo 200 kila moja. Robota halipendi meno. Huchanika na kuchafuka. Foklifti ya kinuni hufungwa mikono miwili mipana inayobana robota kutoka pande zote mbili, hata mawili kwa pamoja, na kuliweka juu ya jingine bila paleti. Hapo mmiliki ana hofu mbili. Mafuta yanayovuja hutia doa pamba na kushusha daraja lake, na cheche kutoka bomba la moshi wa dizeli huweza kuteketeza msimu mzima. Foklifti ya umeme huondoa hofu zote mbili, mradi betri zichajiwe chumba tofauti chenye hewa, kwani betri za risasi na asidi hutoa haidrojeni zikichajiwa.

Kwenye nafaka, hukumu ya haki inaweza kwenda kinyume na foklifti. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) una kituo Shinyanga, moja ya sehemu zilizochaguliwa kwa mradi wa vihenge na maghala ya kisasa. Magunia yanayopangwa kwa mkono hubanana na kupanda juu. Yakiwekwa kwenye paleti, hewa na mbao huchukua nafasi ya mahindi. Mkanda wa umeme wa kupandishia magunia, unaogharimu pungufu na kuhitaji mafunzo machache, mara nyingi hulifaa ghala la nafaka kuliko foklifti. Faida yake kubwa ni kwa mgongo wa mbebaji. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Na. 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja ukizidi kilo 55 upunguzwe. Sheria ya vipimo nchini inapiga marufuku lumbesa na kuweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia la mazao. Kati ya namba hizo mbili ndimo wanamofanyia kazi wabeba mizigo wengi wa Kahama na Shinyanga.

Watu hao wana wasiwasi wa halali. Foklifti moja kwa saa moja hushusha lori ambalo kundi la vijana hulishusha kwa nusu siku, na malipo ya kundi hilo huwa kwa gunia au kwa lori. Hoja kwamba mashine huzalisha ajira nyingine ni kweli kwa jumla na si kweli kwa mtu mmoja mmoja, isipokuwa pale ambapo aliyekuwa akibeba ndiye anayefundishwa kuendesha, kukagua stoo au kuelekeza mtambo. Ni yeye anayejua gunia gani hupasuka na safu gani huegemea.

Mafunzo yapo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) hutoa kozi za mitambo ikiwemo foklifti, na VETA ina vyuo Shinyanga na Geita. Mwanya uliopo ni kwenye aina. Kijana aliyefundishwa kwenye foklifti ya dizeli ya tani 3 akipewa mtambo wa mkono mrefu au ule wa ujia mwembamba, anaanza upya, na mwajiri makini humpa siku za mazoezi kwenye mtambo husika kabla ya kumkabidhi ufunguo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, husajili sehemu za kazi na kukagua mitambo ya kunyanyulia mizigo. Ajali ikitokea, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) humlipa mfanyakazi aliyeumia au wategemezi wake. Kibarua wa siku asiye na jina kwenye orodha ya mwajiri ana njia ndefu zaidi ya kuifikia haki hiyo, na ni huyohuyo anayesimama chini ya mzigo kuushika usiyumbe.

Kwa mzabuni, haya yote hurudi kwenye bei. Anayeweka kwenye zabuni yake gharama ya foklifti inayofaa, kishikio cha matairi, ukaguzi na mafunzo, ataonekana ghali mbele ya mwenzake aliyeweka foklifti moja ya mtumba. Migodi mikubwa ina wakaguzi wanaosimamisha mtambo getini kwa sababu ya mnyororo wa mlingoti uliolegea au king'ora cha kurudi nyuma kisicholia, na siku ya kusimamishwa ni hasara ya mzabuni. Kwa kampuni changa, kukodi mtambo maalum kwa siku za matairi na kubaki na foklifti moja nzuri kwa kazi za kila siku ni uamuzi wa busara kuliko kununua mitatu chakavu. Kwenye mtumba, mnunuzi aangalie saa za kazi kuliko mwaka wa kutengenezwa, unene wa visigino vya meno, na kama kibao cha uwezo bado kipo na kinasomeka. Maonesho ya teknolojia ya madini yanayofanyika Geita kila mwaka huwapa wanunuzi fursa ya kuuliza maswali hayo mtambo ukiwa mbele yao.

Huko Buzwagi na Isaka, maamuzi mengine hayasubiri mtambo ununuliwe. Ghala linalokusudia rafu ndefu huhitaji sakafu iliyosawazishwa kwa vipimo vikali, kwa sababu mlingoti wa mita 10 huzidisha kila upungufu wa milimita chache chini. Uwanja huhitaji zege pale malori yanaposimama, njia ya watu iliyotengwa kwa uzio na si kwa rangi tu, na chumba cha kuchajia betri chenye matundu juu ya ukuta. Vitu hivyo huchorwa kwenye ramani kabla ya msingi kumwagwa, na baada ya hapo mwenye ghala huchagua foklifti kwa kadiri sakafu yake itakavyomruhusu.